Kilio cha Mutshatsha Nilichokibeba Siena

Nilipanda ndege kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka hamsini na sita, na nilipanda na mukwe wangu. Niseme vizuri: mukwe wangu huyu ni mama wa mume wa binti yangu. Watoto wetu wanaishi Italia, pembeni ya mji wa kale unaoitwa Siena, na mwaka ule walipata mtoto wao wa kwanza. Wakatuita sisi wawili tumwone. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi kwa gari, halafu ndege tatu. Nilifika miguu imevimba, na sikumbuki kama ilipungua siku hata moja mpaka tuliporudi.

Mimi ni mshonaji. Shule niliacha mwaka wa tatu wa sekondari. Haya nayaandika kwenye daftari lile lile ninaloandikia vipimo vya wateja, na sina hakika kama nitayapanga sawa. Nitajaribu tu nisimwonee mtu.

Jumatatu ya wiki yetu ya pili, saa sita mchana, mukwe alikuwa amelala na mtoto kifuani. Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Mwanaye, mume wa binti yangu, akaja akasimama nyuma ya mlango. Kwetu, mama wa mke na mume wa binti hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaketi karibu. Katika nyumba ya vyumba viwili, adabu hiyo ni kazi ya kutwa. Yeye alikuwa akila sahani yake roshani kwenye baridi, na mimi nikisikia funguo zake mlangoni nilikuwa nakimbilia chumbani kama mwizi. Kwa hiyo alipoongea, aliongea na ubao wa mlango.

"Mama, samahani. Niko huku nyuma."

"Mi nasikia, tata," nikamwita kwa heshima, kama baba.

"Mama mukubwa wa Mutshatsha alikufa leo asubui."

Huyo mama mukubwa ni dada wa mukwe, yaya wake, ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, amempita miaka tisa. Niliweka kisu chini.

"Nani anajua?"

"Mi na muke wangu. Na sasa wewe. Mujomba anasema asiambiwe mu njia. Mumulete kwanza, bo batamukalisha."

"Na maziko?"

"Vendredi."

Ijumaa. Na sisi ndege yetu ilikuwa Jumapili.

Lazima nieleze, maana mtu wa mbali anaweza kufikiri walitaka kumtendea ubaya. Kwetu habari ya kifo haitupwi kwa mtu kama salamu. Unamleta, unampa maji, unamkalisha chini kwenye mkeka katikati ya watu wake, wanawake wawili wanamshika huku na huku. Ndipo mkubwa anaanza kusema, na anaanzia mbali: ugonjwa ulivyoanza, hospitali, usiku ulivyokuwa, mpaka mwenyewe anafika kwenye neno. Anayeambiwa njiani anaweza kuanguka njiani. Na mukwe ana presha, vidonge vyake vilikuwa kwenye kopo juu ya friji. Mjomba, kaka wa mukwe, hakukosea. Nasema hili mapema kwa sababu baadaye nitamwasi.

Lakini upande wa pili ulikuwepo pia. Mukwe asipoambiwa, Ijumaa dada yake angetiwa udongoni yeye akiwa huku anachagua soksi za mtoto dukani. Angekuwa mtu wa mwisho kujua. Na huyo hakuwa dada wa jina tu. Wakati ule watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Kolwezi, mukwe alikaa miezi kwenye stesheni na wengine, chini ya mashuka, akingoja treni. Yaya alikuwa ameolewa na mtu wa reli kule Mutshatsha. Ndiye aliyekuja na kumtoa pale, akamficha kwake mpaka mambo yakapoa. Nyumba ya baba yangu ilikuwa mitaa mitatu kutoka stesheni ile. Sisi ni watu wa kaskazini ya Katanga, hatukufukuza mtu. Lakini mimi sikupeleka pale hata ndoo ya maji. Mukwe hajawahi kuniuliza. Nilipokuwa nimesimama pale na vitunguu, niliona kwamba katika watu wote wa dunia mimi ndiye niliyekuwa na haki ndogo kuliko wote ya kushika kifo cha yule mama mkononi.

Jioni hiyo hiyo tulikula wali na kuku. Mukwe alikuwa na furaha, mtoto alikuwa amemkamata kidole hataki kumwachia. Akamwimbia. Akaniambia, "Mukwe, niongeze kidogo, leo nina njaa ya mwanamuke mwenye mimba." Nikamwongeza. Nikamtazama akila mpaka mwisho.

Jumanne alipiga simu Mutshatsha, haikuitikiwa. Jumatano vilevile.

"Ni rezo," binti yangu akasema, akiusingizia mtandao, macho yake kwenye nepi za mtoto. "Rezo ya Mutshatsha, mama, unaijua."

"Naijua," mukwe akasema. "Yaya anapanda juu ya gunia ya makaa njo anapata rezo. Na kile kifua chake, hawezi kupanda saa hizi."

Usiku sikulala. Zamani, baba yangu alipokufa, nilikuwa Lubudi kushona nguo za harusi. Nyumbani wakajua, Lubudi wakajua, mimi wakaniacha. Nilicheza kwenye harusi ile mpaka kiatu kikakatika. Niliporudi, kaburi lilikuwa na siku tatu. Walinihurumia, sikatai, ningeanguka kwenye lori peke yangu. Lakini zile siku tatu za kucheza sijui mpaka leo nizipeleke wapi. Na hata hivyo, Jumatatu nilikaa kimya, Jumanne nilikaa kimya, Jumatano nilikaa kimya. Sikuwa nasubiri kitu. Nilikuwa naogopa tu.

Alhamisi mwanaye alipewa ruhusa kazini, akasema atatupeleka kuona mji wenyewe. Binti yangu alibaki na mtoto. Tulipanda basi, tukashuka kwenye lango kubwa la matofali, na kuanzia pale ni kupanda na kushuka tu. Mji wote uko juu ya vilima, njia nyembamba, nyumba ndefu zimeegemeana kama watu kwenye foleni. Mwanaye alitembea hatua kumi mbele kwa ajili yangu. Akitaka kueleza kitu, alikuwa anasimama, anaelekea ukutani, anapaza sauti: "Hii nyumba ina miaka mia saba!" Watu walimpita wakidhani anaongea na ukuta. Mimi nilikuwa namjibu mama yake, mama yake anamjibu yeye. Ndivyo tulivyotalii.

Katika mtaa mmoja mukwe akanishika mkono. "Mukwe, ona!"

Nikatazama juu nikidhani ni mnara.

"Hapana, pa ukuta. Ile tuyo ya mvula. Ni shaba!"

Kweli ilikuwa shaba. Aliyekulia Kolwezi, kwenye migodi ya shaba, hahitaji kuambiwa. Bomba lilikuwa limeanza kuwa jeusi, na kwenye maungio limetoa ule ukijani. Lilitoka kwenye paa likateremka mpaka chini, nje, barabarani, mtu yeyote angeligusa. Mukwe akaligonga kwa pete yake asikie mlio.

"Shaba muzima," akasema. Halafu akamwita mwanaye: "We! Bezi ba huku beko mu konji? Balipewa likizo?"

"Mama, punguza sauti."

"Nauliza tu! Kwetu hii ingefika magaribi?"

Kumbe kila nyumba ilikuwa nalo. Watalii wengine walitazama madirisha na bendera, sisi tulitazama mabomba ya mvua. Mukwe akataka nimpige picha akiwa amelikumbatia moja. Nikapiga. "Nitamuonyesha yaya," akasema. "Atasema mi niko mubongo, namudanganya." Nilibonyeza huku natazama pembeni, ile picha ya kwanza haionyeshi kitu. Akanicheka, akasema mshonaji gani mwenye mkono kama huo. Nikapiga tena.

Kanisa kuu lina mistari myeupe na myeusi, nguzo zake zote, kutoka chini mpaka juu. Sakafu ni picha za mawe yaliyokatwa na kuunganishwa, watu na farasi na miji, kazi ambayo mimi kama mshonaji niliielewa zaidi kuliko kuta: mtu alikata, akapima, akakosea, akakata tena. Ningependa kuiangalia vizuri. Lakini magoti yalikuwa yanawaka, na mukwe alikuwa amekwenda kwenye mishumaa. Akawasha mmoja.

"Wa kifua ya yaya," akasema. "Apone."

Nikapiga magoti kando yake. Nikisema apone, namdanganya Mungu. Nikisema apumzike, namwibia mukwe. Nilifumba macho tu mpaka alipoinuka.

Tukateremka. Mwanaye akaingia kwenye kichochoro chenye ngazi, tukamfuata, na ghafla pakafunguka uwanja mkubwa. Umelala kwa mteremko kama lungo la kupepetea mchele, wa matofali mekundu, mnara mrefu upande wa chini. Jua lilikuwa limetoka. Na juu ya matofali yale walikuwa wameketi watu, wengi sana, chini kabisa, miguu wameinyoosha mbele. Wengine walilala.

Mukwe akasimama. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga kiunoni.

"Kuko kilio hapa," akasema kwa sauti ndogo.

"Kilio gani? Nani alikufa?"

"Sijue, lakini ni cha mutu mukubwa. Biti biko pale, ona, bya bure." Kweli, kuzunguka uwanja kulikuwa na migahawa, viti vingi vitupu. "Bantu bazima, biti biko, na bo banakaa chini. Ni kilio."

Sikumzuia. Niseme ukweli, na mimi kwa dakika moja niliamini. Karibu nasi alikuwa ameketi mama mmoja mzungu, mzee, nguo nyeusi, miwani myeusi, peke yake. Mukwe akaenda kwake. Akaketi kando yake bila neno, kama inavyotakiwa, mtu hafiki kwenye kilio na maneno. Akakaa kidogo. Halafu akauchukua mkono wa yule mama, akauweka katikati ya mikono yake miwili.

Yule mama akageuka, akavua miwani. Macho yake yalikuwa makavu. Akamtazama mukwe, akautazama mkono. Hakuuondoa.

Mwanaye alirudi mbio. "Mama! Hapana kilio! Beko napumuzika!"

"Banapumuzika?"

"Banaota jua tu!"

Mukwe akafunika mdomo. "Ee Mungu wangu! Mi naleta pole, kumbe bantu beko naanikwa kama mihogo!" Akacheka mpaka mabega yakatikisika, na yule mama mzungu naye akacheka, bila kujua anacheka nini. Nilimwambia mukwe ainuke. "Siinuke," akasema. "Nimeshakaa. Miguu inakataa."

Nikaketi upande wake wa pili, maana yangu ilikuwa imekataa tangu kanisani. Mwanaye akabaki amesimama mbele yetu, amenipa mgongo kwa adabu.

Ndipo nikaona. Mukwe alikuwa chini. Kitambaa kiunoni. Mwanamke kulia, mwanamke kushoto, mkono wake umeshikwa, mwanaye mbele. Alikuwa amekalishwa. Kilichokosekana ni neno peke yake. Sisemi Mungu alipanga, mimi nani wa kujua. Na sisemi nilipata ujasiri. Nafikiri nilikuwa nimechoka, mchana ule nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa naogopa, ndiyo yote.

"Mukwe," nikasema, "unakumbuka mwezi ule yaya alianza kukohoa..."

Mwanaye akageuka. Akatikisa kichwa: hapana. Nikaendelea. Nikasema habari ya kikohozi, nikasema ile dispensari, ile dawa. Mukwe naye amewakalisha wengi maishani mwake, njia ile anaijua. Kicheko kilimtoka usoni pole pole.

"Usianzie mbali," akasema. "Ni yaya?"

"Ni yaya."

Kwanza hakulia. Alivua viatu vyake, akavipanga kando, kimoja na kingine. Halafu akatoa sauti. Akamwita dada yake kwa Kiluba cha Kasai, na jina la mama yao, na mambo mengine ambayo sikuyaelewa. Watu wakageuka, uwanja mzima. Yule mama mzungu alikuwa bado ameshika mkono, na sasa alikuwa ameelewa, hakuna aliyemtafsiria. Mtu akaleta chupa ya maji. Mwanaye akaja akaanguka chini, bega lake likagusa langu, na hakuna aliyejitoa kati yetu. Nilitafuta vidonge kwenye mkoba wa mukwe. Akameza. Hakuzimia. Lile waliloliogopa nyumbani halikutokea, lakini lingeweza kutokea, na mimi nisingekuwa na la kusema.

Baada ya muda mrefu akafuta uso.

"Ni lini?"

Nilikuwa na ukweli mdomoni. Nikaona wali, nikaona kuku, nikajiona nikimwongeza.

"Jana," nikasema. "Jana magaribi."

Mwanaye aliinua kichwa akanitazama. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Halafu akayarudisha macho chini.

"Na muliniacha nikumbatie tuyo," mukwe akasema.

"Ndiyo."

"Mulifanya mubaya." Akakaza kitambaa kiunoni. "Na kama hungenambia, ungefanya mubaya zaidi. Sijue nikuseme nini, mukwe."

Tulirudi na basi. Yule mama mzungu alitusindikiza mpaka kituoni amebeba mkoba wa mukwe, halafu akaenda zake.

Ijumaa asubuhi walitupigia kwa video kutoka Mutshatsha. Picha ilikuwa safi, tuliona hata vumbi kwenye viatu vya watu.

"Rezo ya Mutshatsha iko bien leo," mukwe akasema. Binti yangu akainuka, akatoka nje.

Mukwe aliona sanduku. Aliona wanawake. Wakaweka simu karibu na kaburi na kuongeza sauti, na mukwe akaongea na dada yake, maneno mengi, akamshukuru habari ya stesheni. Nilikuwa mlangoni. Hiki ndicho kilichopatikana kwa kumwambia, na nakiandika bila kujisifu, kwa sababu kila mtu aliyesogea kwenye simu ile nilikuwa nafikiri: huyu ndiye atakayetaja siku. Hakuna aliyetaja. Mwishoni mjomba wao akachukua simu.

"Nani alimuambia?"

Mwanaye akafungua mdomo. Nikamtangulia. "Ni mi."

"Mama, tulisema nini?"

"Mulisema asiambiwe mu njia."

"Na wewe?"

"Nilimuambia."

Alipumua. "Basi," akasema, na picha ikakatika.

Wiki iliyofuata tulifika Kolwezi. Gari lilitushusha kwa mjomba. Mikeka ilikuwa imetandikwa uani. Nilifikiri watalia pamoja naye, yaishe. Hapana. Walimpa maji. Wakamkalisha. Wanawake wawili wakamshika, na mjomba akasimama, akaanza mbali, kama mtu anayemwambia asiyejua lolote. Niliyoyasema mimi, mtu asiye wa damu, barabarani, katika nchi ya watu, hayakuhesabiwa kuwa yamesemwa. Sikuudhika. Nilipewa nafasi kwenye mkeka wa nyuma, nikaketi.

Mukwe aliinamisha kichwa, akakubali kuambiwa. Mjomba akaeleza kikohozi, akaeleza dispensari, akaeleza usiku ule walivyotafuta gari.

"Lundi," akasema, "saa kumi na moya ya asubui, mbele ya jua..."

Jumatatu, si Jumatano niliyomtajia mimi. Kichwa cha mukwe kikainuka.

"Lundi?"

"Lundi," mjomba akasema kwa upole, akidhani ni kilio kinaanza.

Mukwe aligeuza shingo. Akatafuta kati ya watu mpaka akanipata. Hakunitazama kwa muda mrefu. Halafu akageuka mbele ili kaka yake aendelee, na alipofika kwenye neno, akalia tena, kwa sauti kubwa kuliko ya Siena, na ua wote ukalia naye.

Kilio kilipotulia nikamwona amemwita binti mmoja wa ndugu zake, akamnong'oneza. Yule binti akaingia ndani, akatoka na kiti cha plastiki, akaja nacho mpaka kwangu.

"Mama anasema ukae hapa."

Kwenye kilio, mkeka ni wa waliofiwa. Kiti ni cha wageni, wanaokuja kutoa pole na kurudi kwao. Lakini magoti yangu ni mabaya kweli, na mukwe aliyaona yakinitesa kwenye ngazi zile zote. Yule binti alikuwa anangoja, mikono juu ya kiti. Nikaondoka mkekani, nikaketi.